Mjomba Atataja Jina la Nani

Jumatano, Nainokanoka. Ukungu.

Tangu jana ukungu haujainuka. Ng'ombe nawasikia lakini siwaoni. Kengele zinapita nje ya mlango kama zinatembea zenyewe, hazina shingo. Huku juu baridi inaingia mpaka kwenye meno. Nimekaa kwa moto wa mwanangu Yakobo, daftari liko magotini, penseli nimeichonga kwa kisu cha nyama. Yakobo ametoka. Kwa nini ametoka nitaandika, ila nianze na langu kwanza, maana jambo hili nimelibeba wiki tano na leo asubuhi ndiyo nimelitua.

Shuleni sijakanyaga. Nilipokuwa mtoto wavulana walikwenda shule, mimi nikaenda na ndama. Herufi nimejifunza kwenye kisomo cha watu wazima, wajukuu tayari ninao, mwalimu binti mdogo akinishika mkono kuizungusha a kana kwamba nakoroga dawa. Mwaka jana nikafaulu hatua ya nne. Tangu siku hiyo nasoma kila kitu. Nasoma magunia ya mbolea. Nasoma kopo la dawa ya josho. Nasoma kipande cha gazeti walichofungia chumvi, nikikuta kimekatika katikati ya habari nakasirika kutwa nzima.

Hapo ndipo nilipoangukia.

Wiki tano zilizopita walikuja Karatu wahubiri wa Kiislamu, wakapewa kibali, wakasimamisha kipaza sauti cha betri ya gari kwenye uwanja wa mnada. Mhadhara, ndivyo wanavyouita. Wanasema yao, Wakristo nao wanapewa nafasi wajibu. Siku ile neno lilikuwa moja: Mungu ni mmoja, sasa ninyi mnaosema Baba, Mwana na Roho, mmehesabu vipi?

Upande wetu alisimama Yakobo. Mwanangu ni mwinjilisti, kazi yake iko huku juu kwa Wamasai, na aliteremka makusudi kwa siku ile. Alivaa koti la harusi yake. Nilijaa kifua, nisiseme uongo.

Upande wa pili, kati ya wasikilizaji, alikuwapo mkwe wangu Ramadhani. Huyu ni Mrangi wa Kondoa, fundi cherehani, amemwoa binti yangu. Binti alibatizwa Paulina, sasa anaitwa Mwanaidi, na mimi namwita yote mawili kulingana na nilivyoamka. Ramadhani hakuja kubishana na mtu. Alikaa kwenye nyasi, mtoto wake mkubwa mapajani. Mkewe alikuwa nyumbani na kichanga cha siku tatu.

Ustadhi wao alikuwa na sauti ya kulaza watoto. Hakupiga kelele. Alisema Mungu hana mtoto, hana mshirika, hahitaji mtu wa kumsaidia. Akauliza, Yesu alipokuwa akisali alikuwa anamwomba nani, alikuwa anajiomba mwenyewe?

Yakobo akajibu kwa jua. Akasema jua liko kule juu, mwanga wake uko hapa chini, joto lake liko mgongoni mwako. Je, ni majua matatu?

Watu wetu wakashangilia. Kijana mmoja kwenye miti akapiga kelele, "Na likizama je, mwinjilisti?" Wakacheka wote, Wakristo na Waislamu pamoja.

Mimi nilikuwa nimekwisha kwenda mbali. Aliposema jua nilimwona mama yangu mzazi. Kwetu Wairaqw wa zamani Mungu ni Looa, na Looa ni mama, na jua ni lake. Mama alikuwa akisimama mlangoni alfajiri, umande mpaka kwenye magoti, anaongea na ule wekundu taratibu kama mtu anayemwamsha mgeni. Sikujua anasema nini. Nilijua tu kwamba akimaliza uso wake unakuwa na joto, na ukimgusa unapona. Nilisimama pale mnadani na mikono yangu ikawa na joto.

Sikumwambia mtu. Ningesema hayo pale, wangenifukuza pande zote mbili, na pengine hapo ndipo wangepatana.

Nami kuhusu hao watatu nisijifanye. Nilipobatizwa niliulizwa mara tatu, nikajibu mara tatu, na maji ya tatu yaliponiingia sikioni nikacheka mbele ya mchungaji. Kuelewa sijaelewa mpaka leo. Lakini nikijikwaa namwita Yesu, na akija haji peke yake. Hilo nalijua kama ninavyojua kuna watu ndani ya nyumba kabla sijapiga hodi.

Basi. Ustadhi akainua Biblia yetu wenyewe. Akasema anataka msomaji, na awe Mkristo, ili kesho mtu asiseme yeye ameongeza neno. Wakristo wakatazamana. Nani atakwenda? Wazee wa kanisa wakaanza kukagua viatu vyao.

Nikasema, "Nitasoma mimi."

"Bibi, utaweza?" Alikuwa ni yule kijana wa kwenye miti. "Si useme tu umesahau miwani?"

Ningekuwa na akili ningecheka nikakaa. Lakini neno lile, utaweza, nimelisikia tangu nikiwa na ndama. Nikapita katikati ya watu mpaka mbele. Ustadhi akanionyesha mahali kwa kidole, kwa adabu kabisa, akanishikia kipaza sauti karibu na mdomo.

Nikasoma. Nikaweka kidole chini ya kila neno. Uwanja ulinyamaza, hata mbuzi wa mnada walinyamaza, na nikasikia sauti yangu inatoka kule kwenye mlingoti, kubwa, safi, inakwenda mpaka mashamba ya ngano. Nilikuwa kama ninaelea. Nilikuwa siko chini.

Ilikuwa ni pale Yesu anapowaambia wanafunzi anakwenda kwa Baba, na kwamba Baba ni mkuu kumzidi yeye.

Yakobo amewaambia watu sikujua ninachosoma. Mimi mwenyewe nilimwachia aamini hivyo.

Nilijua.

Katikati ya mstari nilijua. Nilijua maneno yanakokwenda kama unavyojua ng'ombe anakwenda kwenye shamba la mtu. Nilimwona mwanangu midomo inamchezacheza. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kusema macho yamechoka, nani angemlaumu bibi? Lakini lilibaki neno moja na nilikuwa nalisoma vizuri. Nikamaliza.

Upande ule wakapaza takbiri. Upande wetu kimya. Halafu mtu fulani, sijui wa dini gani, akapiga makofi kwa sababu tu bibi kizee amesoma, na wengine wakamfuata, na mimi nikatabasamu.

Alichokiona Yakobo si mstari. Aliona tabasamu.

Kipaza sauti kikarudi kwake ajibu. Jibu analo, nimemsikia akilifundisha mara nyingi. Siku ile halikuja. Alisimama na koti lake la harusi akitafuta maneno, kisha akamwona Ramadhani kwenye nyasi, akamnyooshea kidole. Akasema, huyu alianza kwa kunichukulia dada yangu, leo amenichukulia na mama.

Ramadhani akainuka, akamfuta mtoto makamasi, akaondoka. Mgongo wake ulinitia aibu kuliko kelele zote.

Hayo ndiyo ya mnadani.

Sasa niandike kilichonipandisha huku, mtu wa miaka yangu. Kwetu mtoto hatolewi nje mara ya kwanza mpaka mjomba wake, kaka wa mama, ameweka maziwa kinywani akamtemea kidogo kwenye paji la uso na kumwombea heri. Ndivyo nilivyokuta, na Ramadhani hakuwahi kukataa. Mtoto wao wa kwanza, Yakobo ndiye aliyemtoa. Huyu wa sasa arobaini yake ni Jumamosi. Yakobo alituma neno kwamba haji.

Mwanaidi naye ni mwanangu, kichwa chake nimekizaa mimi. Amesema kaka asipokuja yeye na mtoto hawatoki. Siyo Jumamosi, siyo siku nyingine. "Mama, mtoto wangu hatatolewa kama paka." Nikamwambia mtoto anahitaji jua, mifupa yake italegea. Akasema basi jua limfuate ndani. Juzi nimemkuta amekaa kwenye giza la chumba, madirisha amefunga, kichanga kifuani, na nikaona anaweza kukaa hivyo mwaka.

Ramadhani alinisindikiza mpaka barabarani. Akasema, "Mama, nenda wewe. Mimi nikienda atadhani nimekwenda kumhubiria." Akavua koti lake zito akanivika, akanifunga vifungo mwenyewe kama navaa kwa mara ya kwanza.

Nikapata lori la unga wa sembe linalopanda. Dereva alinipa nafasi juu ya magunia, nikajifunika turubai. Tulipopita geti la hifadhi tukaingia kwenye miti ile yenye ndevu, na ukungu ukatumeza. Mahali fulani ukingoni lilipasuka dirisha la anga na nikaiona kreta chini. Haikuwa na chini. Ilikuwa imejaa wingu jeupe mpaka mdomoni, tulivu, na lori letu linazunguka ukingo wake kama nzi kwenye bakuli.

Nilisinzia, au sikusinzia. Niliona herufi zinainuka kutoka kwenye karatasi, zinajipanga mstari mmoja kama nyumbu, zinateremka kwenye lile wingu. Kila moja iliyopita niliiuliza, wewe ni nani, na kila moja ilinijibu kwa sauti ya mtu ninayemfahamu. Moja ilinijibu kwa sauti ya mama. Nilipotaka kuifuata dereva akafunga breki.

Yakobo alinipokea vizuri jana. Akanipokea mzigo, akanipa kitanda chake, akachemsha chai ya asali maana sukari haionekani. Macho yake hayakufika usoni kwangu hata mara moja. Yaliishia kwenye koti. Analijua koti lile.

Leo asubuhi aliingia jirani yake, Nasieku, mama wa Kimasai mwenye kicheko kikubwa, ametuletea maziwa.

"Takwenya, koko," akanisalimia. Koko kwao ni bibi. Nikaitika. Akakaa, akanyoosha miguu kwenye moto. "Nimesikia huko chini mlipigana, Mungu ni wangapi."

Nikamwambia hatukupigana, tulipigiana kelele.

"Sisi tuna mweusi na mwekundu," akasema. "Mweusi analeta mvua. Mwekundu ana hasira, analeta ukame."

"Wawili basi?"

"Wawili wapi, koko! Mmoja. Wewe ukikasirika unakuwa wawili?" Akamgeukia Yakobo. "Mwalimu, si ndivyo?"

Yakobo akasema sivyo, akaanza kumweleza, na Nasieku akamsikiliza kwa heshima zote huku akinikonyeza. Kisha akaenda zake, tukamsikia akicheka peke yake mpaka ukungu ukamfuta.

Tukabaki mama na mwana na sufuria ya uji.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yakapotea. Nikasema tu, "Yakobo, siku ile nilijua."

"Ulijua nini, Mama?"

"Mstari. Nilijua kabla sijafika mwisho. Nikamaliza."

Alikoroga uji uliokwisha kuiva. "Nimewaambia wazee wote wa kanisa mama yangu ni mtu wa kisomo cha watu wazima, hakuelewa."

"Basi umewadanganya. Kawaambie alielewa, na alifurahi."

Hapo aliniangalia. Wiki tano.

"Ulifurahi?"

"Nilipigiwa makofi, baba. Nimezaa, nimelima, nimezika mume, nani aliwahi kunipigia makofi?" Sauti yangu ikavunjika na sikuipenda, nikaikaripia. "Nimekukosea. Nilikuuza kwa makofi. Sikupandisha mifupa hii kwa lori kuja kukudanganya. Lakini na wewe ulimsema Ramadhani mbele ya mji mzima, amempakata mtoto. Langu nimelileta. Lako liko wapi?"

Uji ukaanza kushika chini, nikauepua mimi.

Halafu akasema jambo nisilolijua. Alisema yule mtoto wa kwanza alipomtemea maziwa alitaja Baba, na Mwana, na Roho. Kwa sauti ya chini, mdomo sikioni mwa mtoto. Alidhani hakuna aliyesikia. Alipoinua kichwa akakuta Ramadhani amesimama hapo hapo, hatua moja.

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Aliangalia chini. Kisha akaniletea chai."

Miaka minne sasa. Miaka minne yule mtu amekaa na jambo hilo ndani ya nyumba yake na hajalitoa, hata mnadani, siku ambayo lingemfaa.

"Unaona, Ayo," Yakobo akasema. Ayo ni mama kwa Kiiraqw, na mara ya mwisho kuniita hivyo alikuwa na surua. "Si hasira. Hasira iliisha wiki ya kwanza. Nikisema tena yale majina, sasa najua kwamba anasikia, namtukana kwake. Nisipoyasema, nimemkana Bwana wangu kwa ajili ya pilau. Niseme nini pale mlangoni? Nimtaje nani?"

Nilimtazama mwanangu. Nilidhani nimekuja kumbembeleza mtu mwenye kiburi. Kumbe alikuwa amekaa na swali hili peke yake kwenye baridi hii, na hana wa kumuuliza, maana watu huku humuuliza yeye.

Sikuwa na jibu la kanisani. Nikampa la jikoni.

"Usimtaje Mungu," nikamwambia. "Mungu anajijua ni wangapi. Mtoto ndiye bado hajijui. Mtaje mtoto. Mtemee maziwa, mwite jina lake, mwambie karibu. Mengine yaweke moyoni mwako, huyo unayemwamini si kiziwi. Na Ramadhani atakuwa na yake moyoni. Nani amewaambia lazima kila kitu kipite kwenye kipaza sauti?"

Najua mchungaji angekuwa na neno juu ya hilo. Na ustadhi pia. Waje, nitawapa uji.

Yakobo alishika kikombe kwa mikono miwili. Nikaongeza kuni motoni. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeona aibu kuuliza:

"Anaitwa nani?"

Wiki tano, na mjomba hajui jina. Kila aliyetaka kumwambia alimkatiza. Na mimi tangu jana nilikuwa nimelikalia, sikulitoa, sikutaka nimnunue nalo. Nilitaka aliombe.

"Yakubu," nikasema.

Hakunielewa, au alinielewa akataka nirudie.

"Yakubu. Amepewa siku ya saba, siku nne baada ya mnada wenu ule. Masheikh walimletea baba yake majina mengine. Akasema jina analo."

"Mwanaidi ndiye aliyetaka."

"Mwanaidi alikuwa bado analia na kukutukana. Ni Ramadhani."

Mwanangu aliweka kikombe chini bila kukosea, akainuka, akaenda mlangoni. Hakuvaa kitu. Nikamwambia vaa koti hili, utakufa. Nikamnyooshea koti la shemeji yake. Alilitazama, akalichukua, akatoka.

Ndiyo maana hayupo.

Ukungu umekuwa mzito zaidi, mlango uko wazi na sioni hata zizi. Ng'ombe wamekwisha kwenda. Moto umebaki makaa. Nilidhani amekwenda kwa Nasieku, au kanisani kwake, lakini hajaenda mbali. Yuko hapo nje mahali fulani. Nimemsikia sasa hivi nikiandika. Anasema Yakubu. Ananyamaza. Anasema tena, mara kwa sauti ya kawaida, mara kwa sauti ndogo ya kumsemesha mtoto, kama mtu anayejaribu viatu.

Lori linashuka Ijumaa. Hajasema kama atapanda, na mimi sitamuuliza. Leo nimekwisha kusema ya kunitosha. Nitaweka uji wake karibu na makaa usipoe, nitanyamaza, na kesho itaamka na yake.